Mwili Unaoiweza Kazi: Miungu ya Kihindu Katika Umbo la Mnyama

Hiranyakashipu alikuwa mfalme wa asura, ukoo wa viumbe wenye nguvu walioshindana na miungu tangu mwanzo wa dunia. Alitaka asife. Akajitesa kwa ibada kali miaka na miaka, mpaka Brahma, muumba, akashindwa kumnyima ombi. Lakini Brahma naye ana mwisho wake, hivyo hakuweza kumpa umilele. Basi mfalme akaomba kwa masharti: asiuawe na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Alipokubaliwa akaona amekwisha kuifunga milango yote ya kifo. Akaitwaa dunia, akaitwaa mbingu, akaamuru aabudiwe yeye peke yake.

Aliyemkataa ni mwanawe wa kumzaa, Prahlada, mtoto mdogo ambaye midomo yake haikuacha kumtaja Vishnu. Baba akamtupia tembo wamkanyage, akamtupia nyoka, akamtia motoni. Mtoto akatoka salama. Siku moja, kwa hasira, baba akamwuliza: huyo Vishnu wako yuko wapi? Mtoto akajibu kwamba yuko kila mahali. Je, yumo hata katika nguzo hii? Yumo. Mfalme akaipiga nguzo, ikapasuka, akatoka Narasimha, mwenye kiwiliwili cha mtu na kichwa cha simba. Ilikuwa saa ya magharibi. Akamkokota mfalme hadi kizingitini, akamlaza mapajani, akampasua kwa kucha.

Msomaji anaweza kurudi juu na kulinganisha kila sharti na namna lilivyotimizwa bila kuvunjwa hata moja. Magharibi si mchana wala usiku; kizingiti si ndani wala nje; mapaja si ardhi wala anga; kucha si silaha ya kufuliwa. Na muuaji mwenyewe hakuwa mtu wala mnyama. Mwili ule haukuwa pambo la kutisha. Vishnu alihitaji umbo ambalo halikuwamo katika orodha ya mfalme, na umbo hilo lilikuwa hili peke yake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha waziwazi jambo ambalo katika visa vingine limefichika kidogo. Msomaji aliyelelewa katika Uislamu au Ukristo, akikutana na mungu mwenye sura ya samaki au nguruwe, huuliza mara moja: inawezekanaje Mungu awe mnyama? Kwa imani yake ni swali la haki. Lakini kwa anayetaka kuvielewa visa hivi halifiki mbali, kwa sababu wasimulizi wenyewe hawakuona hapo pana fumbo. Swali lililowashughulisha ni jingine: mwili huu unaweza kufanya nini ambacho mwili mwingine hauwezi? Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyejifunza Kisanskriti na kukamilisha kitabu chake kikubwa kuhusu India mnamo mwaka 1030, alisisitiza tangu mwanzo kwamba anasimulia imani za Wahindu kama wao wenyewe wanavyozisema, bila kuzibishia kila hatua. Njia hiyo inafaa hadi leo.

Kuna mambo ambayo watu huyachanganya, na ni vizuri kuyatenga mapema. Ganesha mwenye kichwa cha tembo hakujigeuza tembo. Kisa mashuhuri kinasema kichwa chake cha kwanza kilikatwa na Shiva, kikapachikwa cha tembo mahali pake. Nandi, fahali wa Shiva, na Garuda, ndege wa Vishnu, ni vipando na wafuasi wa miungu hiyo, wenye nafsi zao. Hanuman ni mwana wa Vayu, mungu wa upepo, na amezaliwa katika taifa la nyani wa msituni. Unyani ndio asili yake, ingawa baadhi ya wafuasi wa Shiva humhesabu kuwa Shiva mwenyewe aliyeshuka. Uchambuzi huu unahusu kitu chembamba zaidi: mungu ambaye ana umbo lake, kisha kwa wakati fulani na kwa sababu fulani akavaa umbo la mnyama.

Wa kwanza katika orodha inayojulikana zaidi ya maumbo ya Vishnu ni samaki, na kisa chake ndicho chenye utajiri mkubwa kuliko vyote.

Masimulizi yake ya kale tuliyo nayo yamo katika Shatapatha Brahmana, kitabu kikubwa cha maelezo ya kafara ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya karne ya 8 na ya 6 kabla ya Kristo. Manu, babu wa wanadamu, alikuwa ananawa mikono asubuhi, akamkuta samaki mdogo majini mwa kunawia. Samaki akamwambia: nilinde, nami nitakuokoa. Utaniokoa na nini? Na gharika itakayochukua viumbe vyote. Nikulindeje? Samaki akamweleza kwamba walio wadogo kama yeye maisha yao yamo hatarini, kwa kuwa samaki humla samaki. Basi amweke kwanza katika mtungi, akikua amhamishie shimoni, akizidi ampeleke baharini. Manu akafanya hivyo. Gharika ilipokuja, samaki alikuwa amekuwa mkubwa ajabu, na kichwani ana pembe. Manu akaifunga jahazi yake kwenye pembe ile, naye akamvuta hadi mlima wa kaskazini.

Kila msomaji wetu atamkumbuka Nuhu, na wataalamu wamejadili sana uhusiano wa kisa hiki na visa vya gharika vya Mesopotamia. Kinachonishangaza mimi ni tofauti. Katika Shatapatha Brahmana gharika haiji kwa sababu ya dhambi. Hakuna aliyekasirika, hakuna kaumu iliyohukumiwa, hakuna mtume aliyekataliwa. Maji yanakuja tu, kama masika yanavyokuja. Anayeokoka anaokoka kwa sababu alimhurumia kiumbe dhaifu aliyekuwa mikononi mwake. Jambo la pili ni kwamba katika maandishi hayo ya kale samaki si Vishnu. Hakutajwa kuwa mungu yeyote. Ni samaki anayejua yajayo.

Mamia ya miaka baadaye kisa kilekile kinasimuliwa tena katika Mahabharata, utenzi mrefu uliokua polepole hadi karne za kwanza baada ya Kristo. Sasa Manu ana wenzake jahazini, wahenga saba, na amechukua mbegu za kila aina. Mwishoni samaki anajitambulisha: yeye ni Brahma, bwana wa viumbe. Kisha katika Matsya Purana, kitabu kilichopewa jina la samaki huyohuyo, anayejitambulisha ni Vishnu. Samaki ni mmoja, pembe ni ileile, jahazi ni ileile. Mwenye samaki amebadilika mara mbili. Hapa ndipo ninapoona ugunduzi mkubwa wa wale waliochambua maandishi haya kwa tarehe zake: mnyama ni wa kale kuliko jina la mungu aliyemo ndani yake. Wahindu wa kale hawakuanza na Vishnu wakamtafutia wanyama wa kuvaa. Walianza na wanyama waliofanya kazi kubwa mwanzoni mwa dunia, na ibada ya Vishnu ilipopanda juu ya nyingine, ikawakusanya wote chini yake.

Kuna uzi mwingine ndani ya samaki huyu. Lile neno lake, kwamba samaki humla samaki, si la kujihurumia tu. Katika fikra za kisiasa za India ya kale, hali ya watu wasio na mtawala iliitwa sheria ya samaki: mkubwa anammeza mdogo. Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, kinasema kwamba watu walipoelemewa na sheria hiyo walimfanya Manu kuwa mfalme, wakakubali kumpa sehemu ya sita ya nafaka yao ili awalinde. Ni Manu yuleyule. Tukiviweka visa viwili pamoja, tendo lake la kumlinda samaki mdogo dhidi ya wakubwa linakuwa tendo la kwanza la ufalme. Na kama angechaguliwa mnyama mwingine, swala kwa mfano, maana hiyo isingepatikana. Samaki alifaa kwa gharika kwa sababu anaogelea, na alifaa kwa siasa kwa sababu anajua kuliwa.

Kobe ana historia ya namna hiyohiyo, ingawa fupi. Shatapatha Brahmana inasema Prajapati, bwana wa viumbe, alivaa umbo la kobe alipokuwa akiumba. Katika Mahabharata kuna kisa mashuhuri cha miungu na asura kuipekecha bahari ya maziwa ili wapate kinywaji cha kutokufa. Upekecho wao ulikuwa mlima Mandara, kamba yao nyoka Vasuki, upande mmoja wakivuta miungu, upande wa pili asura. Mlima ulihitaji kitu kigumu cha kuzungukia juu yake, wakamwomba mfalme wa kobe akubali uwekwe mgongoni pake. Jina lake ni Akupara, na hapo bado si Vishnu. Katika Purana za baadaye, vitabu vya jamii ya Matsya Purana, ndipo Vishnu mwenyewe anapozama na kuwa kobe. Sababu ya kumchagua haihitaji maelezo marefu: gamba. Kisa hiki kilisafiri mbali sana. Kwenye ukuta wa Angkor Wat nchini Kambodia, hekalu la karne ya 12, kimechongwa kwa urefu wa karibu mita 49, kobe akiwa chini kabisa na uzito wote ukiwa juu yake.

Nguruwe mwitu ndiye anayemsumbua zaidi msomaji wa pwani yetu, na sitaki kumpita haraka.

Taittiriya Samhita, maandishi mengine ya kale, na Shatapatha Brahmana, zote mbili, zinasimulia kwamba mwanzoni kulikuwa na maji, na ardhi ilikuwa chini yake. Nguruwe mwitu, ambaye ni Prajapati au anahusishwa naye, akaipandisha. Shatapatha Brahmana inaongeza kwamba ardhi ilikuwa ndogo wakati huo, shubiri moja tu. Katika Purana nguruwe amekuwa Vishnu, jina lake Varaha, na ardhi amekuwa mungu wa kike, Bhu, aliyezamishwa na asura Hiranyaksha, ndugu wa yule Hiranyakashipu wa nguzo. Varaha anazama, anapigana, anamwinua Bhu kwenye chonge lake.

Sasa tuulize swali letu. Nani anayefukua chini ya matope kwa pua, akaja juu na kitu mdomoni? Nani asiyeogopa majimaji, wala haoni haya kuchafuka? Anayemfahamu nguruwe mwitu porini, jinsi anavyolipindua shamba zima kwa usiku mmoja akitafuta mizizi, anaelewa mara moja kwa nini kazi ya kuitoa ardhi chini ya maji ilipewa yeye. Tembo ana nguvu zaidi na simba ana heshima zaidi, lakini hao hawafukui. Waliotunga kisa hiki yaelekea walimwona nguruwe akifanya kazi, wakaitazama kazi yake kabla ya kuutazama uchafu wake. Katika Uislamu nyama ya nguruwe ni haramu, na katika Uhindu pia watu wengi wa matabaka ya juu hawaigusi nyama ya nguruwe wa mitaani. Lakini Varaha ni wa msituni, na heshima yake inatokana na tendo moja lisilowezwa na mwingine.

Wafalme waliliona hilo upesi. Huko Udayagiri, karibu na Vidisha katika India ya kati, kuna mchongo mkubwa wa Varaha uliokatwa mwambani mwanzoni mwa karne ya 5, enzi za Chandragupta wa Pili wa nasaba ya Gupta. Maandishi ya pango la jirani yanaangukia mwaka 401. Ana mwili wa mtu na kichwa cha nguruwe, kimo chake karibu mita 4, amekanyaga nyoka wa majini, na Bhu ananing'inia kwenye chonge lake akiwa mdogo kama mwanasesere. Nyuma yao wahenga wamepangwa safu kwa safu wakishangilia. Wanahistoria wengi wanasoma hapo sifa ya mfalme: naye ameiokoa nchi, naye ameiinua. Baada ya miaka mia hivi, huko Eran, si mbali na hapo, alisimamishwa nguruwe mzima wa jiwe, mwenye miguu minne, bila sehemu ya mtu. Mwilini mwake kuna maandishi ya Dhanyavishnu yanayotaja mwaka wa kwanza wa utawala wa Toramana, mfalme wa Wahunni waliovamia kutoka kaskazini-magharibi. Mvamizi na waliovamiwa walikutana chini ya mnyama mmoja.

Orodha inaendelea. Chalukya wa Badami walimfanya nguruwe alama ya ukoo wao. Mihira Bhoja wa nasaba ya Pratihara, aliyetawala kaskazini katika karne ya 9, alitoa sarafu za fedha zenye Varaha na jina la kifalme linalomaanisha nguruwe wa mwanzo. Watawala wa Vijayanagara, kusini, walimweka kwenye muhuri wao, na sarafu ya dhahabu ya nchi hizo iliitwa varaha. Khajuraho kuna mwingine aliyekatwa kutoka jiwe moja, urefu wake mita 2.6, na ngozi yake yote, kuanzia masikio hadi kwato, imejazwa miungu midogo iliyochongwa kwa safu, zaidi ya 600. Ukimkaribia unaona kwamba ngozi ya mnyama imekuwa ramani ya ulimwengu. Kwa maoni yangu hakuna mchongo mwingine nchini India unaojibu vizuri zaidi dhana kwamba umbo la mnyama humshusha mungu. Mchongaji wa Khajuraho aliona kinyume chake: ndani ya mnyama kuna nafasi ya kila kitu.

Nguvu hiyo ilifanya wanyama wawe pia silaha katika mashindano ya madhehebu. Wafuasi wa Shiva wana kisa cha nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Brahma na Vishnu walikuwa wakibishana nani mkubwa. Nguzo ikatokea kati yao. Brahma akajigeuza bata bukini akaruka juu kutafuta kilele, Vishnu akajigeuza nguruwe akachimba chini kutafuta shina. Wote walishindwa. Vishnu akakiri, Brahma akasema uongo kwamba amefika, na kwa uongo huo, wanasema wasimulizi, hakupewa mahekalu mengi duniani. Tazama ufundi wa kisa hiki. Msimulizi hakubuni mnyama mpya. Alimchukua nguruwe yuleyule, fahari ya wafuasi wa Vishnu, akamwacha na kipaji chake kilekile cha kufukua, kisha akamwonyesha kina ambacho hata yeye hakifikii.

Yakatokea makali zaidi. Katika maandishi ya wafuasi wa Shiva inasemwa kwamba Narasimha, baada ya kumuua mfalme, hasira yake haikutulia, dunia ikatetemeka, na Shiva akavaa umbo la Sharabha, kiumbe nusu simba nusu ndege mwenye miguu minane, akamdhibiti. Katika hekalu la Airavatesvara huko Darasuram, lililojengwa na wafalme wa Chola katika karne ya 12, Sharabha amechongwa akimshika Narasimha. Wafuasi wa Vishnu hawakukaa kimya: wakasimulia kwamba Narasimha naye akageuka Gandabherunda, ndege mwenye vichwa viwili, akamshinda Sharabha. Ndege huyo baadaye alikuwa alama ya wafalme wa Mysore, na leo yumo katika nembo ya jimbo la Karnataka. Wengi wanaoiona nembo hiyo kwenye karatasi za serikali hawafikirii ugomvi uliomzaa. Kwa mchambuzi, mlolongo huu ni dhaifu kuliko ule wa kale. Samaki na nguruwe walipewa kazi ambayo dunia ilihitaji; Sharabha na Gandabherunda walipewa kazi ya kushinda mabishano, na ndiyo maana miili yao inaongezewa miguu na vichwa bila mpaka. Hawafanani na kiumbe yeyote ambaye mtu amewahi kumwona akifanya kazi.

Nje ya Vishnu na Shiva, wanyama wanatumika kwa mambo ya aina nyingine, na humo kuna visa vinavyogusa sana. Indra, mfalme wa miungu, alijigeuza mwewe na Agni, mungu wa moto, akajigeuza njiwa, ili kumjaribu mfalme Shibi. Njiwa alimkimbilia mfalme, mwewe akadai chakula chake kwa haki: ukimwokoa huyu, mimi nife njaa? Mfalme akajikata nyama ya mwili wake mwenyewe ipimwe mizani, uzito kwa uzito. Hoja ya mwewe ni nzito kweli, na isingekuwa nzito kama ingesemwa na mtu, kwa kuwa mtu angeweza kula wali. Mwishoni mwa Mahabharata, mfalme Yudhishthira anapanda kwenda mbinguni na mbwa mmoja nyuma yake. Anaambiwa amwache mbwa ndipo aingie, anakataa, na mbwa anajidhihirisha kuwa Dharma, mungu wa haki, baba yake. Mbwa katika jamii ile alihesabiwa najisi. Jaribio lingekuwa jepesi mno kama angekuwa ng'ombe.

Lakini kuvaa umbo la mnyama peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu, na visa vyenyewe vinalijua hilo. Indra huyohuyo, katika masimulizi ya Ahalya, anajigeuza paka ili atoroke nyumba ya mwanamke huyo baada ya kumdhulumu mumewe. Prajapati alimfuata binti yake mwenyewe, akiwa paa dume na binti akiwa paa jike, na miungu ikachukizwa hata ikamtuma mungu Rudra ampige mshale. Wahindi wanaonyesha nyota za kisa hicho angani hadi leo. Maricha, katika utenzi wa Ramayana, alijigeuza paa wa dhahabu ili Sita, mke wa Rama, aibiwe. Mahisha, adui wa mungu mke Durga, alibadilika nyati, simba, mtu na tembo katika pambano moja. Kipaji cha kubadilika ni cha wote. Kinachotofautisha ni anayefaidika na mabadiliko hayo. Maricha amevaa ngozi ili afiche kinachokuja. Varaha, akiwa nguruwe, hakumdanganya yeyote.

Ukitaka kuona kwa nini mpaka kati ya mungu na mnyama haukuwatisha waandishi hawa, soma Brihadaranyaka Upanishad. Humo nafsi ya kwanza iko peke yake na haina furaha, inagawanyika kuwa mume na mke, na kwao wanazaliwa watu. Mke anaona haya na kujificha kwa kuwa ng'ombe. Mume anakuwa fahali. Anakuwa farasi jike; mume anakuwa farasi dume. Wanaendelea hivyo hadi wanafika kwa sisimizi. Kila kiumbe kilichopo ni umbo ambalo yule wa kwanza alilipitia. Akisha kuamini hivyo, mtu hawezi kushangaa mungu akirudi katika mwili wa samaki: anarudi mahali alipowahi kuwa.

Orodha ya avatara kumi za Vishnu, yaani maumbo anayoshuka nayo duniani, tunayoiona leo kwenye kalenda na kuta za mahekalu, ilichelewa kutulia. Bhagavata Purana inataja 22, kisha inasema kwamba hazihesabiki. Jayadeva, mshairi wa karne ya 12, aliimba kumi na kumtia Buddha ndani. Wengine humweka Balarama, nduguye Krishna. Jambo moja halibadiliki sana: wanyama wako mwanzoni, na baada ya Narasimha anafuata kijeba Vamana, kisha watu wazima, Parashurama, Rama, Krishna. Farasi wa Kalki, avatara inayosubiriwa, anapandwa tu. Mpangilio huu uliwavutia wengi katika karne ya 19. Darwin alikuwa amechapisha kitabu chake kuhusu mageuzi ya viumbe mwaka 1859. Kufikia 1877 Helena Blavatsky alikuwa ameandika kwamba avatara ni picha ya mageuzi ya viumbe, na mwaka 1882 Keshub Chandra Sen wa Kolkata akaieleza fikra hiyo kwa ufasaha zaidi. Mwanabiolojia J.B.S. Haldane, aliyehamia India, naye aliitaja. Samaki wa majini, kobe wa maji na nchi kavu, nguruwe wa nchi kavu, nusu mnyama nusu mtu, mtu mfupi, mtu kamili.

Naielewa fahari iliyokuwa ndani ya maneno hayo. Wahindi waliotawaliwa na Waingereza, wakiambiwa kila siku kwamba hawana elimu, waliona katika vitabu vya babu zao kitu ambacho London ilikuwa ndiyo kwanza inakigundua. Lakini usomaji huo haushiki. Katika baadhi ya nakala za Mahabharata bata bukini ametangulia, kisha kobe, kisha samaki. Ndege mbele ya samaki. Hakuna kisa kinachosema umbo moja lilizaa jingine, na hapo ndipo moyo wa hoja ya Darwin ulipo. Vishnu anavaa, anafanya kazi, anavua, na ni yuleyule. Nionavyo, mpangilio unafuata mahali pa kazi. Kabla ya kuwa na nchi, hakuna kiti cha enzi wala upinde utakaosaidia: panatakiwa anayeogelea, anayebeba, anayefukua. Narasimha anasimama mpakani, anatokea ndani ya jumba la mfalme, na adui yake amejikinga kwa maneno ya mapatano. Kuanzia hapo matatizo ya dunia ni ya sheria, ardhi, urithi na vita, na mwili unaoyaweza ni wa mtu.

Na wanyama hawa hawakubaki vitabuni. Moto unaowashwa usiku wa kuamkia sikukuu ya Holi, hata katika jamii za Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ni kumbukumbu ya Holika, shangazi yake Prahlada, aliyeingia naye motoni akaungua yeye na mtoto akapona. Huko Hampi, Narasimha wa jiwe mwenye kimo cha mita 6.7, aliyechongwa mwaka 1528 kwa amri ya mfalme Krishnadevaraya, bado ameketi ingawa amevunjwavunjwa. Srikurmam, pwani ya Andhra Pradesh, ni miongoni mwa mahekalu machache sana ambamo anayeabudiwa ni kobe, na kobe hai wanatunzwa uani. Simhachalam, karibu na Visakhapatnam, sanamu ya Varaha aliyeunganishwa na Narasimha hupakwa rojo la msandali karibu mwaka mzima, hata haionekani umbo. Siku moja tu kwa mwaka rojo hilo huondolewa, na watu husimama foleni usiku kucha ili wamwone.

Mahali ninapoona hoja nzima ikiishi ni Tirumala, kwenye vilima vya Andhra Pradesh, hekalu la Venkateswara, ambaye ni Vishnu katika umbo la mtu na ni mmoja wa miungu wanaotembelewa na mahujaji wengi zaidi duniani. Kando yake kuna hekalu dogo la Varaha. Mapokeo ya pale yanasema kilima kilikuwa cha nguruwe, kwa sababu ndiye aliyeitoa ardhi majini, na Venkateswara alipofika alimwomba mahali pa kukaa. Hakuwa na fedha za kulipa. Wakapatana kwamba kila hujaji ataanza kwa Varaha, na chakula cha sadaka kitafika kwa Varaha kwanza. Ni mungu mmoja katika maumbo mawili, lakini umbo la mtu ni mpangaji, na mwenye ardhi ni yule aliyeifukua.